Namba Iliyoingia kwenye Simu Yangu

Tupokigwe mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi jikoni, na hali yangu unaijua kwa sababu umenisikia nikikohoa wiki nzima, kwa hiyo nayapita hayo. Ya blanketi, ya soksi nzito, ya kutomwamini mtu anayejitolea kukushikia begi stendi, mama yako amekwisha kukuambia na atakuambia tena kesho mpaka gari liondoke. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu tangu mwezi uliopita, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Sasa ni alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda kuwaaga watu wa jumuiya, na najua mtakawia, maana kila nyumba ya Igowole lazima mnywe chai. Nimekaa kwenye meza yako ya kusomea. Mvua imeanza kupiga bati, na hizo bati nitazizungumzia, lakini si sasa. Kesho ukipanda hiace nitakupa bahasha hii mkononi, nami nitakuomba usiifungue mpaka ufike Mafinga. Huko ndiko utakakopanda basi, na huko ndiko utakakohitaji kuyajua haya.

Jambo lenyewe ni hili. Chuo cha Dar hakikukukataa. Mimi ndiye niliyekikataa.

Ulipojaza fomu hukuwa na simu, ukaandika namba yangu. Siku ujumbe ulipoingia nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji, nasubiri mkutano uanze. Ujumbe ulisema umechaguliwa vyuo viwili: Dar, kozi ya fedha na bima, Mbeya, kozi ya biashara. Ulisema uthibitishe kimoja kwa kuingiza namba ya siri iliyoandikwa chini, kabla ya siku waliyoitaja kupita. Niliusoma mara mbili, nikairudisha simu mfukoni, nikaingia mkutanoni nikachangia hoja ya choo cha shule. Kesho yake nilikwenda Mafinga, kwenye steshenari ileile tuliyojazia fomu, nikampa yule dada wa kompyuta ile namba. Nikamwambia athibitishe Mbeya. Akaniuliza, "Mzee, una uhakika? Maana hii nikishabonyeza imetoka." Nikamjibu kwamba binti mwenyewe ndiye aliyenituma.

Niliporudi ulikuwa unachambua maharage kwenye ungo. Nikakuambia mfumo umekupanga Mbeya.

"Sistimu ndo imesema?" ukaniuliza.

"Ndiyo."

Ukaendelea kuchambua. Ulitoa mawe mawili, nakumbuka, ukayatupa mlangoni. Kisha ukasema, "Baba, usiwaze. Mbeya si nitakaa kwa mama mdogo? Hata kodi sitalipa." Ulinifariji. Nimefundisha hesabu shule za msingi miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona mtoto ambaye mwalimu amemfutia jibu lake sahihi, kisha mtoto huyo akamwambia mwalimu pole. Niliona aibu, nikatoka nje nikajifanya nakwenda kumfunga mbuzi.

Usidhani sikujua ulivyokitaka chuo kile. Daftari lako la kulinganisha vyuo nililisoma. Si mara moja. Wenzako walikuwa wanachagua chuo kwa uzuri wa geti, au kwa sababu dada wa fulani alipitia huko akarudi na nywele nzuri. Wewe uliandika nani anafundisha nini, wanafunzi wanapelekwa wapi mafunzo kwa vitendo, na wangapi kati ya wale uliowapigia simu walipata kazi waliyoisomea. Uliandika kwamba Mbeya wanafundisha biashara kwa ujumla na bima wanaigusa muhula mmoja tu, ila Dar wanaisomesha mpaka mwisho. Chini yake ukaandika maswali mawili kwa kalamu nyekundu: "Kwa nini miti ya watu wadogo haina bima ya moto?" na "Nani anajua bei ya mirunda Dar siku mti unapouzwa Igowole?" Pembeni ukaandika jina la Mama Shukuru.

Na kwenye ukurasa wa gharama, baada ya kuandika mkopo wa serikali utatoa kiasi gani, ukapiga mstari, ukaandika: "Kitakachobaki: miti ya Baba."

Miti hiyo haipo, mwanangu. Imekwisha miaka minne iliyopita. Ndiyo sababu nilikuchagulia Mbeya.

Nianze mbali kidogo, unisamehe. Mwalimu akistaafu hubaki na tabia ya kuanzia ubaoni.

Kabla sijamwoa mama yako nilipangiwa shule karibu na Ruaha Mbuyuni. Kule joto lilinitesa, na mshahara ulikuwa ukichelewa, nikaingia kwenye vitunguu kama walimu wenzangu. Msimu wa kwanza nilivuna vizuri. Akaja mnunuzi, akafungua magunia yake, akaanza kujaza lumbesa, lile gunia linaloshonewa kofia juu mpaka linakuwa gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Nikabisha. Akacheka, akaniambia, "Mwalimu, basi kaa navyo." Vilikaa siku nne. Vilipoanza kulainika nilimtafuta mwenyewe, nikamsaidia kushona. Baadaye nikasikia kwamba wiki ile ile Dar kitunguu kilikuwa hakishikiki kwa bei. Yeye alijua. Mimi sikujua. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kwenye biashara anayeumia si mvivu, ni yule anayekuwa wa mwisho kujua.

Nilipohamishiwa huku Mufindi nikaiona miti ya misindano imesimama kwenye baridi, haiozi, haimwombi mtu dawa, nikasema hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kitunguu kinamsubirisha mkulima. Mti unamsubirisha mnunuzi. Nilinunua ekari mbili kule ng'ambo ya mlima, kijiji cha pili, kwa sababu huku bei ilishapanda. Tulipanda Januari uliyoanza darasa la kwanza. Wewe mwenyewe ulipanda mistari miwili, ukalia kwa sababu ya matope, kisha ukakataa kuondoka. Tulikubaliana kuwa ni miti yako ya chuo.

Kisha nikawa mhubiri. Hilo unalikumbuka. Mwalimu Miti waliniita, nami nilijibu kwa jina hilo. Nilikwenda kwenye vikao, nilichora ubaoni jinsi mti unavyoongezeka thamani wewe ukiwa umelala. Watu walinisikiliza. Mama Shukuru alinisikiliza kuliko wote. Alikuwa mjane tayari, ana vinyungu vyake, yale matuta ya mboga kule bondeni kwenye unyevu, na shamba la mahindi mteremkoni. Akaniuliza, "Mwalimu, nikipanda miti kote huko juu nitakula nini?" Nikamwambia atakula vinyungu, na miti itamsomesha Shukuru. Akang'oa mahindi akapanda misindano. Miaka yote hiyo walikula maboga na mboga za bondeni na mahindi ya kununua, na hakunilalamikia hata siku moja. Akipita hapa alikuwa anasema, "Kamwene, Mwalimu, miti yetu haijambo?" Alisema yetu.

Ulipokuwa kidato cha tatu huko Iringa, malori yalizidi barabarani. Kila aliyepanda wakati ule alikuwa anavuna, au anajiandaa kuvuna. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio wakati wanafunzi wanafanya mtihani, nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona miaka mingi nyuma: kama tumepanda wote pamoja tutauza wote pamoja, na tukiuza wote pamoja anayepanga bei si sisi. Hesabu ya darasa la tano. Nilikuwa nimewafundisha watu wazima kuzidisha, sikuwafundisha kugawanya.

Nikaogopa. Naliandika neno hilo kama lilivyo. Sikuwa na mgonjwa, sikuwa na msiba, wala hakuna aliyenitishia. Niliogopa tu kwamba nitabaki tena na vitunguu vinavyolainika.

Alikuwapo mnunuzi wa mirunda, wa upande wa Makambako, anayechukua miti michanga kwa ajili ya wajenzi. Nikamtafuta. Tulikwenda naye ng'ambo akapima kwa macho, akataja bei. Haikuwa bei ya mti uliokomaa, lakini ilikuwa bei. Kisha akaniambia, "Ila Mwalimu, lori ninalo moja na pesa ninazo za mzigo mmoja. Kijiji chenu kikianza kunifuata wote, hii bei siiwezi. Nitashusha."

Siku mbili baadaye Mama Shukuru akaja hapa. Alisimama pale mlangoni, hakutaka kukaa kwa sababu miguu ilikuwa na tope.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, mama."

"Kuna tajiri mmoja wa mirunda anapitapita. Nasikia anatoa pesa leo leo. Shukuru anadaiwa ada, na viatu hana. Hii miti yangu, nimpe au niache?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kushikana mkono na mtu huyo. Nikamwambia, "Mama, subira huvuta heri. Mti haulali njaa. Ukiuza sasa umeuza mtoto angali anatambaa. Subiri."

"Wewe unasubiri?"

"Nasubiri."

Akashukuru, akaondoka. Yalikuwa maneno mazuri, tena ya kweli, maana miti ile kweli ilikuwa michanga. Nimeyarudia mara nyingi kichwani nikitafuta yalipoharibika, na sijaona neno lenye kosa isipokuwa lile la mwisho. Nadhani ndiyo maana uwongo wangu ulikaa vizuri. Niliujenga kwa matofali ya kweli.

Miti yako ilikatwa wiki hiyo. Nilikwenda mwenyewe kusimamia, nikarudi jioni nikajimwagia maji nyuma ya nyumba. Mama yako alikuja kuokota nguo. Alichukua shati langu akalinusa, maana utomvu wa msindano hautoki kwa sabuni moja, akaliweka juu ya meza. Kisha akasema, "Gwe Baba Tupo, mficha uchi hazai. Mtoto utamwambia wewe, si mimi." Tangu siku hiyo ukitaja miti anatoka chumbani. Umewahi kumtania kwamba watu wa Mbeya wanapenda ndizi tu, miti hawaijui. Sasa unajua kwa nini alikuwa anatoka.

Mwaka uliofuata, Oktoba, ukaja ule moto. Ulianzia kwa mtu aliyekuwa anachoma majani ya shamba lake, upepo ukaubeba. Wewe hukuwapo. Mimi nilikuwapo, na matawi mabichi mkononi, nikapiga moto na wanaume wenzangu mpaka nyusi zikaungua. Tuliushindwa. Mteremko wote wa Mama Shukuru ulikwisha kabla ya jua kuzama. Alikaa chini kule bondeni kwenye mboga zake akautazama. Sikumwona akilia. Aliniita akaniuliza, "Na kule ng'ambo, yako imepona?"

Nikamwambia imepona.

"Afadhali," akasema. "Afadhali hata mmoja."

Shukuru hakuendelea na shule baada ya hapo. Unajua zaidi yangu jinsi alivyokuwa akikushinda hesabu. Mimi ndiye niliyewafundisha nyote wawili na nilikuwa namwona akimaliza swali wewe ungali unachora mstari wa pambizo. Leo anachuma chai, na kesho atakusindikiza mpaka Mafinga akiwa amekubebea begi kichwani, maana ameng'ang'ania, na ameomba ruhusa ya siku moja kwa msimamizi wake ili afanye hivyo. Atakuwa amekaa pembeni yako utakapokuwa unasoma mstari huu. Sikuambii umfanyie nini. Nakuambia tu kwamba aliyeumia ni yeye.

Pesa ya miti ile ndiyo bati hizi zinazopigwa na mvua sasa hivi, na ile pikipiki. Nilikuambia ni malimbikizo ya mshahara. Ulipokuja likizo ukafurahia bati za rangi, ukapiga picha kwa simu ya shangazi yako wa Mlandege aliyekuja nawe, ukaituma kwa watu. Ulipotaka kwenda kuiona miti nilikuwa na jibu kila mara: nguruwe pori wamezidi, kijito kimebeba daraja, msimu wa moto si wa kutembea huko. Mwaka jana hukuniuliza tena. Nilifurahi kwamba umeacha, kisha nikahuzunika kwamba nimefurahi.

Kwa hiyo unaona namba ile ilivyonikuta pale kwenye benchi. Kama ningekuita nikakupa simu usome, ungechagua Dar kabla sijamaliza kukohoa. Ungefungua daftari, ungesema, "Baba, sasa tuuze miti." Na mimi ningekuwa sina pa kusimama. Nilijiambia nakulinda. Nilijiambia Dar ni mbali, joto ni kali, Mbeya kuna mama mdogo, na kozi ni kozi. Nilijiambia pia kwamba kazi za fedha zinaharibu watu, na mfano wangu ulikuwa mimi. Ni hoja nzuri zote. Lakini nilizitafuta baada ya kubonyeza, wala si kabla.

Leo asubuhi ndipo kunyamaza kuliponishinda kabisa. Ulikuwapo. Mama Shukuru alikuja na yule kuku mweupe na maharage kwenye kilemba, akakushika mkono akakuambia, "Nenda, mwanangu, ukasome hizo hesabu za pesa. Baba yako ndo alitufumbua macho sisi. Moto tu ndo ulitushinda." Wewe ukanitazama kwa fahari. Nilimpa kiti, nikamwambia ahsante. Kuku yule nimewaambia msimchinje leo, mkadhani ni ubahili wangu. Nisingeweza kumla.

Sasa nikuambie machache kuhusu hiyo kazi unayoitaka, kwa kuwa ni mimi ninayeijua kwa ubaya wake, nawe utafundishwa na watu wanaoijua kwa uzuri wake.

Watakufundisha mambo makubwa ambayo siyajui. Lakini nadhani kiini chake ni kilekile nilichokiona Ruaha Mbuyuni: mtu mmoja anajua, mwingine hajui, na yule asiyejua amekuja kukuuliza. Itakuwa ofisi yenye kiyoyozi badala ya mlango wenye tope, na huyo mtu atakuwa na tai labda. Hutahisi kwamba unaiba. Mimi sikuhisi. Utamwambia neno zuri, la busara, ambalo hata mchungaji angelisema, na moyoni utajua kwamba umelisema kwa ajili ya lori lako. Mimi nilidhani mtu mbaya ana sura yake. Siku ile nilijitazama kwenye kioo nikanyoa ndevu, nikaona Mwalimu Miti yuleyule.

Na ukichagua chuo, au kazi, au mtu wa kukuoa, wakaja wazee wenye sauti nzito kama yangu wakakuchorea ubaoni, kumbuka ule msemo, akili za kuambiwa changanya na zako. Mama Shukuru hakuchanganya kwa sababu aliniheshimu. Wewe ulichanganya, uliandika daftari zima, na bado nikakupora. Kwa hiyo hata huo msemo una mwisho wake. Uulize pia yule anayekushauri amesimama wapi yeye mwenyewe, na ikiwezekana nenda ukapaone kwa macho. Ungevuka mlima siku moja tu ungeona visiki.

Nafika kwenye la kesho.

Nimepiga simu chuo cha Dar, ofisi ya udahili, siku ya Jumatatu. Nilimweleza mama aliyepokea simu ukweli wote. Akasema nafasi yako wameshampa mtu mwingine. Akasema vyuo vikishafunguliwa huwa kuna siku chache za kuomba kuhama, na kwamba kozi ile watu huacha wawili watatu. "Aje mwenyewe na vyeti vyake, awahi. Au aripoti Mbeya kwanza, aombe akiwa huko, ila wa mbali huwa wanachelewa kusikia. Siahidi, mzee." Nilimwomba aahidi, akakataa. Namheshimu kwa hilo. Jina lake na namba yake nimeandika nyuma ya picha yako ya pasipoti, iko ndani ya bahasha.

Ukienda Mbeya, kwa mama mdogo kuna chumba na chakula, na nafasi yako ni ya uhakika. Watu wenye akili watakuambia uende huko, na hawatakuwa wamekosea. Ukienda Dar unaweza kukaa wiki tatu hosteli ukaambiwa hakuna nafasi, na ya Mbeya ikawa imekupita pia. Mwaka mzima utakuwa umekwenda, na aliyekupotezea atakuwa mimi. Sina namna ya kuifanya hali hii iwe nyepesi. Niliiharibu wakati ilipokuwa nyepesi.

Pikipiki nimeiuza. Kesho utaniona natembea kwa miguu mpaka stendi, usiniulize mbele ya watu. Pesa yake iko kwenye bahasha ya pili, ile ya kaki. Inatosha muhula mmoja Dar ukijibana, au zaidi ya mwaka Mbeya. Mama yako anajua yote tangu jana. Nilimwambia ya namba ya siri, ambayo hakuijua. Aliendelea kukunja nguo zako. Kisha akasema hajui kama atanisemesha ukishaondoka, na nadhani hatanisemesha kwa muda. Ukimpigia simu usimwombe anisamehe. Hiyo si kazi yako.

Wala wewe sikuombi. Nilianza kuliandika neno hilo juu kule nikalifuta, utaona palipochafuka. Mtu akiomba msamaha siku ya safari anamlazimisha msafiri ajibu haraka, na mimi nimekuharakisha vya kutosha. Ninajuta, Tupo. Ninajuta kuhusu miti, na ninajuta zaidi kuhusu yale maharage, jinsi ulivyoinama ukaendelea kuchambua. Nakupenda, na nilikupenda siku ile pia nikiwa pale steshenari, ndilo jambo linalonitisha kuliko yote.

Limebaki la Mama Shukuru. Nilitaka kumwandikia barua kama hii. Nilikwisha kuchukua karatasi ndipo nikakumbuka kwamba hajui kusoma, barua zake zote husomewa na Shukuru. Nisingeweza kumpa mtoto yule kazi ya kumsomea mama yake maneno haya kwa sauti. Kwa hiyo kesho, gari lenu likishapotea pale kwenye kona, sitarudi nyumbani. Nitashuka bondeni kwenye vinyungu vyake, nitamkuta anapalilia, ataniambia kamwene, nami nitamwambia. Sijui atafanya nini. Anaweza kuiambia jumuiya nzima, na ana haki. Ukisikia huko uliko kwamba baba yako amekuwa gumzo la Igowole, usishangae wala usinitetee.

Naona mvua imepungua na nasikia sauti ya mama yako barabarani, kwa hiyo namaliza.

Ukishuka Mafinga, magari ya Mbeya yanasimama upande huo huo utakaoshukia. Ya Dar ni ukivuka lami. Yote mawili yanaondoka kabla ya saa nne, una muda wa kukaa na kunywa chai. Daftari lako nimelirudisha ndani ya begi, juu kabisa, limefunguliwa ule ukurasa. Neno "miti ya Baba" nimelikata kwa mstari mmoja, kwa kalamu nyekundu, kama ninavyokata jibu lisilo sahihi. Mengine yote sikuyagusa. Yalikuwa sahihi.

Sikuambii uende upande gani. Nilikwisha kukuchagulia mara moja.

Baba yako